Mauzo ya gereji Dallas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watu wetu wanaoishi Dallas na miji jirani, awe amefika mwezi uliopita au ana wajukuu waliozaliwa hapa. Tumeanza na wanunuzi, tukamalizia na wanaotaka kuuza. Katikati kuna maswali ya pipa la vitu vya kutuma nyumbani Afrika kwa meli, na hayo ndiyo yanayokuja kwa wingi kuliko yote.

Mauzo ya gereji ni nini hasa?

Mwenye nyumba anafungua gereji yake, au anatandaza vitu kwenye majani mbele ya nyumba, anabandika bei, anaketi na kahawa yake kusubiri wateja. Vitu ni vya nyumbani mwake: nguo zilizowabana watoto, sahani, baiskeli, vitabu, meza. Hakuna risiti wala dhamana. Kibao kikisema Garage Sale au Yard Sale, ni kitu kilekile. Kikisema Moving Sale, wenyewe wanahama, na hao ndio wa kuwahi, kwa kuwa siku ya kukabidhi funguo haiwasubiri. Estate Sale ni habari nyingine kabisa, nayo ina jibu lake hapo chini.

Nitoke nyumbani saa ngapi?

Inategemea unatafuta vitu vizuri au bei nzuri. Mara chache utapata vyote viwili.

Tangazo likisema 7 to 2, ni saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Vitu vizuri huondoka katika saa ya kwanza, kwa sababu wachuuzi wenye maduka ya vitu vya kale hufika mapema wakiwa na tochi mkononi, nao wanajua wanachokitaka. Kama unatafuta cherehani, zana za fundi au meza ya mbao ngumu, kuwa pale saa moja kamili. Kama unatafuta masufuria, nguo za watoto na vitabu, nenda saa tano. Wakati huo mwenye nyumba ameshachoka, jua limepanda, na kile alichokataa kukupunguzia asubuhi atakufungia mwenyewe kwenye mfuko.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zenyewe. Jumapili ni mabaki. Msimu mzuri ni Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 38 za Selsiasi na kuzidi, watu hufunga mapema, na wewe mwenyewe hutakuwa na hamu ya kupekua masanduku. Mwanzoni mwa Mei zungukia karibu na vyuo, SMU upande wa Dallas na UT Dallas kule Richardson, wakati wanafunzi wanahama na wengi hawana gari la kubeba meza wala maikrowevu.

Nitajuaje mauzo yapo wapi?

Alhamisi jioni pitia Facebook Marketplace, Craigslist na Nextdoor. Kwa mali za marehemu kuna EstateSales.NET. Halafu chagua upande mmoja wa jiji na ukae huko. Kosa la wageni ni kufukuzia tangazo moja Oak Cliff, jingine Plano, na kurudi Garland: mafuta yanakula faida yote.

Mitaa yenye nyumba za zamani na wazee walioishi humo miaka arobaini, kama Lakewood na Lake Highlands, ina vyombo vizito, zana na fanicha za mbao halisi. Plano, Richardson na Frisco zina familia changa, hivyo huko utapata baiskeli za watoto, nguo na vitabu vya shule. Preston Hollow ni kwa matajiri na bei huanza juu, ila wakichoka wanachoka kweli.

Sina gari. Nifanyeje?

Tafuta mwenye gari, mchangie mafuta. Basi la DART litakufikisha, lakini kurudi nalo ukiwa na kabati la droo nne ni kujitafutia maneno na dereva.

Wamarekani wanapunguza bei?

Wanapunguza, na wanategemea utaomba. Lakini mtindo wa Kariakoo au Gikomba wa kuiponda bidhaa kwanza haufai hapa. Ukimwambia mama wa Kimarekani kwamba kiti chake kimechakaa na rangi ni mbaya, amekaa nacho miaka ishirini na amenyonyeshea watoto juu yake, atakwambia kwa tabasamu kwamba bei ni ileile. Kisifie. Muulize kimetoka wapi. Halafu taja bei yako moja, kwa sauti ya kawaida, ukiwa na noti mkononi.

Njia inayofanya kazi kuliko zote ni kukusanya vitu vitano sita na kuomba bei ya pamoja. Akiwa ameandika jumla ya dola 23, mwambie una 15. Kitu cha dola moja usikibishanie, lipa uende. Na akikataa, sema asante na umwombe namba yake ya simu. Jioni, kama bado kipo, huenda akapiga mwenyewe.

Nilipe kwa njia gani?

Noti za dola 1 na 5, na sarafu za senti 25. Wengi siku hizi wanapokea malipo ya simu kama Zelle, Cash App na Venmo, lakini mzee wa miaka 80 hatapokea. Usifike saa moja asubuhi na noti ya dola 100 kununua kikombe: watakudhania tapeli, kwa sababu hiyo ndiyo njia maarufu ya kupitishia noti bandia.

Kuna vitu ambavyo sipaswi kununua hata nikipewa bure?

Vipo, na vingi ni vya watoto.

Kiti cha mtoto cha gari kina tarehe ya mwisho, imechapwa kwenye plastiki chini au nyuma, kwa kawaida miaka 6 hadi 10 tangu kutengenezwa. Hata kama tarehe haijapita, huwezi kujua kama kimewahi kuwa kwenye ajali, na kiti kilichopata ajali hakiaminiki tena. Kinunue kipya. Kofia ngumu ya baiskeli ni vivyo hivyo: ikishagonga chini mara moja, kazi yake imekwisha, na ufa wa ndani hauonekani.

Kitanda cha mtoto ambacho ubavu wake mmoja unashuka na kupanda kilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto wachanga. Bado vimejaa kwenye magereji ya bibi na babu. Vilalio vya watoto vilivyoinama, vile vinavyomlaza mtoto kichwa juu miguu chini, vilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2022 pamoja na mito ya kuzungushia kitanda. Anayeviuza huenda hajui. Wewe sasa unajua.

Fanicha na midoli yenye rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Kama rangi inabambuka na nyumbani una mtoto anayetambaa, achana nayo.

Kwa kifaa chochote chenye jina na namba ya modeli, fungua cpsc.gov, tovuti ya serikali ya usalama wa bidhaa, kwenye simu ukiwa palepale na uandike namba hiyo. Utaona kama kiliondolewa sokoni kwa sababu za usalama. Kuuza bidhaa ya namna hiyo ni kosa kisheria, hata kwenye gereji, kwa hiyo wauzaji pia hili linawahusu.

Na kunguni?

Godoro usinunue. Hapo hakuna mjadala, hata liwe na plastiki yake.

Kochi na viti vya kitambaa vinahitaji tochi na kadi ya benki iliyokwisha muda. Pitisha kadi kwenye mishono, inua mto, pindua kiti utazame chini pale kitambaa kilipopigiliwa. Madoa meusi kama ya kalamu, maganda membamba ya kahawia, au mdudu mwenyewe: ondoka bila maelezo. Nguo na mapazia yapeleke moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, kwa joto la juu kabisa, nusu saa, kabla hata ya kuyafua. Joto ndilo linaloua kunguni; maji na sabuni peke yake havitoshi. Katika majengo ya kupanga, kochi moja la dola 40 linaweza kusambaza kunguni kwa majirani wanane, na meneja atajua lilikotoka.

Mama yangu yuko Mwanza, anataka blenda. Nimeona nzuri kwa dola 8. Ninunue?

Usinunue. Umeme wa nyumbani hapa ni volti 120 na Hz 60. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, Kongo 220, zote kwa Hz 50. Mama akiichomeka ukutani, itaungua kabla hajaweka embe la pili. Transfoma ya kushushia umeme ipo, lakini yenye uwezo wa kubeba blenda ni nzito, na mara nyingi bei yake inafikia ya blenda mpya pale pale Mwanza mjini. Wahenga walishasema rahisi huvunja upishi.

Friji, maikrowevu, feni na mashine za kufulia ni hivyohivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu hata ukishusha volti, mota iliyotengenezwa kwa Hz 60 huzunguka polepole kwenye Hz 50 na nyingine hupata joto.

Vinavyovuka bahari salama ni vile ambavyo lebo yake inasema INPUT 100–240V 50/60Hz: chaja za simu, kompyuta mpakato, na televisheni nyingi bapa. Geuza kifaa, soma lebo, usimwamini mwenye gereji, maana hajawahi kufika Mwanza. Televisheni ya hapa haitashika matangazo ya kule moja kwa moja kwa sababu mfumo wa antena ni mwingine, ila kama ina tundu la HDMI itaunganishwa na king'amuzi na kufanya kazi bila tatizo.

Tungependa zaidi uangalie visivyo na waya. Masufuria mazito ya chuma cha pua, vyungu vya chuma cha kusubu, visu vizuri, misumeno, randa, nyundo. Hivyo havijui volti. Angalizo moja kwa mwenye fundi magari nyumbani: seti nyingi za spana za Kimarekani ni za inchi, na Toyota ya Dodoma inafunguliwa kwa milimita. Tafuta zilizoandikwa mm, au namba nzima kama 10, 12, 14. Zenye sehemu, kama 9/16, ziache.

Cherehani za zamani zinafaa kutumwa?

Hizi tunazisifia waziwazi. Zile Singer nyeusi za chuma, zenye maua ya dhahabu, ambazo wazee wa hapa huziuza kwa sababu hakuna mjukuu anayeshona, ni hazina. Tafuta hasa modeli ya 15: umbo lake ndilo lililoigwa na cherehani za Butterfly, zile zinazolia kwenye baraza za mafundi kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Kwa hiyo bobini, sindano na fundi wa kuirekebisha vyote vipo nyumbani.

Kwa nyingi, mota imefungwa kwa skrubu nyuma ya mashine. Mota hiyo ni ya volti za hapa, iache. Fundi kule ataikalisha mashine kwenye meza ya kupiga kwa miguu, atafunga gurudumu na mkanda, na itashona bila umeme kabisa. Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu kwa mkono. Ikiwa imekaza kwa sababu ya mafuta yaliyoganda, si tatizo, mafuta mapya na subira vitaifungua. Ikiwa ina kutu ndani au kipande kimekatika, ndiyo uache. Mashine za plastiki zenye mota iliyojengewa ndani zinafaa kwa wanaoishi hapa tu.

Pipa nilijazeje?

Pipa la kawaida ni la galoni 55, kama lita 208, na kwa meli mara nyingi unalipia pipa zima bila kujali kilo. Kwa hiyo vizito chini, na nguo zijaze nafasi ndani ya masufuria na viatu. Nguo za ndani zilizotumika usiweke: Tanzania imezipiga marufuku. Mashuka, taulo nene na sweta za watoto wa Mbeya na Njombe karibu sana.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni vifaa vya wagonjwa. Magongo, vitembezi vya wazee na viti vya magurudumu hubaki nyumbani mzee anapofariki, na familia huviuza kwa bei ya kutupa au kuvitoa bure. Ukiwa na bibi anayetembea kwa kushika ukuta, au zahanati unayoifahamu kijijini, uliza hata kama huvioni mezani. Mara nyingi viko kabatini.

Estate Sale ni nini, na ninaruhusiwa kuingia?

Ni uuzaji wa mali yote ya nyumba, kwa kawaida baada ya mwenyewe kufariki au kuhamia nyumba ya wazee. Unaingia ndani, chumba hadi chumba, hadi jikoni na kabatini. Wengi wetu miguu inasita mlangoni, na si ajabu: kwetu vitu vya marehemu hugawiwa na wanandugu baada ya matanga, haviwekewi bei. Ila hapa ni jambo la kawaida, hakuna atakayekuona mkosefu wa adabu, na familia yenyewe mara nyingi haipo.

Anayeendesha ni kampuni ya kulipwa. Asubuhi ya kwanza kuna foleni na namba, na bei ni kamili. Siku ya mwisho kwa kawaida kila kitu ni nusu bei, na saa za mwisho unaweza kutaja bei yako. Kampuni nyingi hutoza kodi ya mauzo juu ya bei, na Dallas hiyo ni asilimia 8.25, basi usishtuke.

Nimeona bunduki mezani. Ni halali?

Hii ni Texas, utaziona. Ushauri wetu ni mmoja kwa wote: usiguse, usinunue. Kwa aliye hapa kwa visa ya muda, kama ya masomo au matembezi, sheria ya nchi kwa ujumla inamkataza kumiliki silaha, na kosa hilo linaweza kumgharimu ukaazi wake.

Sasa nataka kuuza. Ninahitaji kibali?

Ndani ya mipaka ya Dallas, ndiyo. Kibali kinatolewa na jiji, unaweza kukiomba mtandaoni, na unaruhusiwa kufanya mauzo mara mbili tu ndani ya miezi 12 katika nyumba moja, kila mara yasizidi siku tatu mfululizo. Lakini Garland, Mesquite, Irving, Richardson na Plano ni miji inayojitegemea, kila mmoja na kanuni zake. Anwani yako ya barua inaweza kusema Dallas na bado ukawa unalipa maji mji mwingine. Tazama bili ya maji kwanza, halafu piga 311 au simu ya ofisi za mji huo.

Kama mtaa wako una chama cha wenye nyumba, soma kanuni zao pia. Vingine vinaruhusu siku maalumu tu, ambapo mtaa mzima unauza pamoja. Hilo si baya hata kidogo, maana wateja huja kwa mafuriko.

Ninaishi apatimenti, Vickery Meadow. Sina gereji wala majani.

Usitandaze kwenye maegesho bila ruhusa ya maandishi kutoka ofisini. Mkataba wako karibu hakika unakataza. Njia ni mbili. Ya kwanza, omba kanisa au msikiti wako utumie uwanja wao, familia kadhaa kwa pamoja, na kila moja na meza yake. Ya pili, jiunge na rafiki mwenye nyumba, ila hiyo itahesabiwa kwenye mara zake mbili za mwaka, kwa hiyo mwachie kitu cha shukrani.

Nitalipa kodi?

Ukiuza vitu vyako vya nyumbani kwa bei ndogo kuliko uliyonunulia, na hivyo ndivyo ilivyo karibu siku zote, serikali kuu haina kodi ya mapato ya kudai hapo. Kodi ya mauzo ya Texas nayo humwachia mtu binafsi anayeuza vitu vilivyonunuliwa kwa matumizi ya familia yake, mradi mapato hayo yasizidi dola 3,000 kwa mwaka. Ukianza kununua ili uuze, hesabu inabadilika.

Niweke bei gani?

Ndogo kuliko moyo wako unavyotaka. Wewe unakumbuka ulivyolipa. Mteja anaona kitu kilichotumika juu ya meza ya kukunja. Nguo ya mtoto senti 50 hadi dola 1, ya mtu mzima dola 2, kitabu senti 50, sahani senti 25. Fanicha nzuri anzia robo ya bei ya dukani na ujue utashuka. Koti la ngozi au kitu chenye thamani ya kweli kiuze mtandaoni peke yake, usikilete mezani kudharauliwa.

Bandika bei kila kitu. Wateja wengi wa hapa wanaona aibu kuuliza, wataondoka kimyakimya.

Ndugu na watu wa kanisani wanataka bure. Nifanyeje?

Ah. Hili ndilo swali lenyewe.

Shemeji atakuja saa mbili asubuhi, ataishika televisheni, atasema "dada, hii si utaniachia tu?" mbele ya wateja wengine, na wewe umebanwa kati ya pesa na undugu. Tunachokishauri ni kuwakaribisha watu wako Alhamisi jioni, kabla ya mauzo. Pika chai. Waambie wazi, vilivyo kwenye boksi hili ni zawadi, chukueni. Vilivyo mezani ni vya kuuzwa, na kwenu nimeshapunguza. Asubuhi ya Ijumaa bei ni moja kwa wote, na anayesimama mezani awe mtoto wako wa miaka 16 aliyezaliwa hapa. Yeye hamjui shemeji, na shemeji akimwomba ataelekezwa kwenye kibandiko.

Wazee ni tofauti. Mama mtu mzima akishika blanketi, mfungie. Hakuna gereji yenye thamani ya maneno yatakayofuata.

Vibao niweke wapi?

Mbele ya nyumba yako, na kwenye uwanja wa jirani aliyekubali. Nguzo za umeme, alama za barabarani na bustani za katikati ya barabara ni marufuku na unaweza kupigwa faini. Herufi ziwe kubwa: neno Sale, mshale, na anwani. Dereva aliye kwenye mwendo hasomi shairi. Jioni vitoe vyote.

Nijilinde vipi dhidi ya wezi?

Funga mlango wa nyumba, hata wa nyuma. Pesa zikae kwenye pochi iliyofungwa kiunoni, kamwe si kwenye boksi mezani. Mwanzo uwe na chenji ya kama dola 40 kwa noti za dola 1 na 5 na sarafu. Mtu asiingie ndani kutumia choo. Mwelekeze kituo cha mafuta kilicho karibu. Usiuze ukiwa peke yako: watu wawili wakikusemesha kwa bidii upande mmoja, tazama upande wa pili.

Na siku moja kabla, kagua mifuko ya makoti, droo na kurasa za vitabu. Kadi za Social Security, barua za uhamiaji na picha za harusi zimewahi kuuzwa kwa senti 50. Simu na kompyuta za zamani zifute kabisa.

Ninaweza kuuza sambusa na mandazi kando?

Sambusa za nyama, hapana: sheria ya Texas ya vyakula vinavyotengenezwa nyumbani haigusi nyama. Mandazi yasiyohitaji friji ni sawa, kama una cheti cha usafi wa chakula na umeweka lebo. Watoto wanaruhusiwa kuuza maji ya ndimu bila kibali tangu sheria ya mwaka 2019, na kwa kweli katika joto hili meza yao inaweza kuingiza kuliko yako.

Vilivyobaki nivipeleke wapi?

Visirudi ndani. Ita familia zilizowasili karibuni. Mashirika yanayowapokea wakimbizi hupokea masufuria, sahani na mashuka safi. Nguo zipeleke Goodwill au Salvation Army, vifaa vya ujenzi na makabati Habitat for Humanity ReStore. Vilivyovunjika subiri wiki ya takataka kubwa, ambayo Dallas hupita mara moja kwa mwezi.

Nimenogewa. Ninaweza kuifanya biashara?

Si kwenye gereji, miji mingi hairuhusu kuleta bidhaa ulizonunua ili uuze. Chukua kibali cha kodi ya mauzo kwa Comptroller, ofisi ya kodi ya jimbo la Texas, hakina ada, halafu ukakodi nafasi kwenye soko la First Monday kule Canton, mwendo wa saa moja mashariki kwa barabara ya I-20. Soko hilo limekuwepo tangu karne ya 19. Jina lisikupoteze: linafanyika Alhamisi hadi Jumapili kabla ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo mara nyingine huangukia mwishoni mwa mwezi uliotangulia. Ukienda Jumatatu yenyewe utakuta wameshafungasha.